Kabla hujamchukua mdogo ukamwacha dada yake

Usimchukue. Angalau si wiki hii, na si kwa sababu uliyoiandika. Katika barua yako unasema unataka kuchukua mtoto wa kulea kutoka kituo cha watoto, na kwamba ndugu ni wawili, msichana wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka mitatu, nyumba yako inatosha mmoja, na dhamiri imekutuma umwokoe mdogo kwa kuwa mkubwa "ameshazoea shida". Kisha unauliza habari za shule na namna ya kuwaambia wajomba zao. Dada yangu, maneno hayo ya "ameshazoea shida" yaliwahi kutoka kinywani mwangu.

Nilikuwa mlezi kwenye kituo cha watoto. Waliletwa ndugu wawili waliofiwa na mama, wa umri kama hao wako. Ikajitokeza familia njema, ikataka mdogo peke yake. Mimi ndiye niliyeulizwa, maana nilikuwa nalala nao chumba kimoja. Nikasali, nikaamka na amani tele, nikasema aende. Sijawahi kuwa na uhakika na jambo kama nilivyokuwa siku ile.

Na nilikuwa na macho! Nilimwona yule binti akimvisha mdogo wake kila asubuhi kabla hajavaa mwenyewe. Usiku mtoto akishtuka alimwita dada yake, hakuniita mimi. Yote hayo niliyaona, na bado sikumuuliza binti neno. Tulimwambia asubuhi ileile, gari limeshafika mlangoni. Hakulia. Aliingia chumbani akarudi na kipande cha gauni la mama yao, akampa yule mama mgeni: "Bila hiki halali."

Yule mtoto aliacha kusema. Baada ya miezi miwili familia ilishindwa, ikamrudisha. Wakati huo dada yake alikuwa ameshahamishiwa kituo cha watoto wakubwa, mbali. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo wakakutana tena, na siku hiyo mdogo alijificha nyuma yangu, akimchungulia dada yake kama mtu baki.

Kiongozi wetu ndiye aliyetufundisha kwamba ukiwa na amani moyoni umeamua sawa. Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka. Amani ya nani? Ilikuwa yangu, na watoto ndio walioilipia! Wakati huohuo kabati la ofisi yake lilikuwa na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala ya watoto, wa mwaka 2009, unaosema ndugu waliozoeana wasitenganishwe, isipokuwa pana hatari ya wazi ya kudhulumiwa au sababu nyingine yenye maslahi ya mtoto mwenyewe. Na hata wakitenganishwa, juhudi zote zifanywe ili waendelee kuonana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika jambo linalomhusu. Hakuna aliyetusomea hata mstari mmoja.

Kwa hiyo muulize binti, tena umuulize kabla moyo wako haujakata shauri. Usimuulize kama angependa mdogo wake apate nyumba nzuri, maana atakubali kwa wema wake na wewe utaondoka ukidhani umepewa ruhusa. Muulize mdogo akiumwa anamtaka nani. Muulize yeye mwenyewe anaogopa nini, kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Wala usimbebeshe uamuzi, huo ni mzigo wa watu wazima. Unachotafuta kwake ni yale asiyoyajua mtu mwingine yeyote hapo kituoni.

Umesema Jumamosi unakwenda kumwona mdogo. Nenda, ila mwombe mlezi akuitie dada yake kwanza, na begi la nguo za mtoto uliache nyumbani.