Ndege wa Uani: Maswali Yenu Nayajibu

Nimemuona ndege mdogo wa kahawia, nimegugo "ndege wa kahawia" zimekuja picha kibao, nianzie wapi?

Rangi iache mwisho kabisa, maana kahawia wanayo ndege wengi mno. Anza na saizi, mpime na ndege unayemjua, je ni mdogo kuliko shomoro, anamkaribia njiwa, au kamzidi hata kunguru? Afu nenda kwenye mdomo, hapo ndo penye habari nyingi: mfupi mnene ni wa kupasulia mbegu, mwembamba uliochongoka sanasana ni wa kudonolea wadudu, uliopinda chini wenye ncha kali ni wa kurarulia nyama. Ukishajua hayo mawili, picha zilizobaki zinakuwa chache tu.

Shomoro wanaokuja uani wengine wana weusi kooni wengine hawana ila wanakaa pamoja. Ni aina mbili?

Kwa unavyoeleza hao ni shomoro wa majumbani, wenye weusi ni madume. Jike ni kahawia iliyopauka, mwangalie nyuma ya jicho utaona mstari wa rangi hafifu, na vifaranga walioanza kuruka wanafanana naye kwahiyo usihesabu majike haraka. Kinachonifurahisha mimi ni hilo koo la dume: akitoka kubadili manyoya weusi unakuwa umefunikwa na ncha za kijivu, zile ncha zinasagika kidogo kidogo mpaka msimu wa kuzaliana koo linatokeza jeusi tii, na hajaota hata unyoya mmoja mpya!

Shingo ya njiwa nikiiangalia huku ni kijani, huku zambarau. Niandike rangi gani?

Andika zote. Mng'ao ule unatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa na unavyorudisha mwanga, ndo maana akigeuka kidogo tu inabadilika. Jua likae mgongoni kwako, ukimtazama jua likiwa nyuma yake utaona kivuli tu.

Wale wanaozunguka angani jioni ni mbayuwayu?

Subiri uone kama watatua kwenye waya. Mbayuwayu anatua, ila kuna ndege mwingine anayefanana naye, teleka, huyo hatui, miguu yake ni mifupi sana na vidole vyake ni vya kung'ang'ania ukutani. Na mabawa ya teleka ni marefu membamba yaliyopinda kama mundu. Watu wengi wanawaita wote mbayuwayu lakini undugu wa karibu hawana kabisa.

Sina darubini, nitaweza kweli?

Utaweza, mwendo unaonekana hata kwa mbali. Shomoro akiwa chini anarukaruka miguu yote pamoja, njiwa anatembea hatua kwa hatua, kichwa kinatangulia kinatulia afu mwili ndo unafuata. Wengine mkia hautulii, juu chini juu chini muda wote, na wengine wakiruka wanapanda wanashuka badala ya kunyooka. Yaandike palepale kabla hujafungua picha yoyote, maana ukishaona picha akili inaanza kuongezea vitu ambavyo jicho halikuviona.