Kuchaji gari la umeme katika jengo la ghorofa

SWALI: Ninaishi katika ghorofa lenye maegesho ya pamoja, nami nakusudia kununua gari la umeme. Je, soketi ya kawaida ya ukutani itatosha kulichaji?

JIBU: Kwa dharura itatosha, lakini nisingekushauri uitegemee kila usiku. Soketi ya ampea 10 kwa volti 230 hupitisha kilowati 2.3 tu, hivyo betri ya kilowati-saa 60 iliyokwisha itahitaji zaidi ya saa 26 kujaa, na muda wote huo nyaya hupata joto. Ukigusa plagi ukaona inaunguza, au plastiki yake imegeuka kahawia, zima swichi mara moja. Chaja ya ampea 32, yenye laini yake pekee, huijaza betri hiyo kwa saa 8 hadi 9.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jengo lenyewe. Majirani kumi wakichaji jioni, wakati majiko na pasi zimewashwa, laini kuu inaweza kuzidiwa. Kwa hiyo ombeni kwa pamoja mfumo wa kugawa umeme, ambao hupunguza kasi ya kila chaja badala ya kuliacha jengo zima gizani. Tafadhali msisahau, kama wengi wanavyosahau, kwamba anayetumia kiti cha magurudumu naye lazima aifikie chaja.