Kuchagua waimba solo bila ugomvi

Mwalimu, umeuliza kama mtindo wa The Voice, shindano la uimbaji la televisheni, utakusaidia kupata waimba solo na walezi katika kwaya yako ya vijana hapo Moshi bila kuzusha manung'uniko. Utakusaidia, ila usibebe kila kitu.

Chukua usikilizaji wa kutoona. Wasikilizaji watatu wageuzie mgongo waimbaji, kila kijana aokote namba, aimbe ubeti mmoja uleule. Usiwalazimishe wote kwenye ufunguo mmoja: sauti ya nne (besi) watakabwa juu, nawe utadhani hawajui kuimba. Mpiga kinanda ashushe au apandishe toni moja, mbili. Alama ziandikwe kabla ya wasikilizaji kuzungumza, la sivyo mwenye cheo ndiye atakayeamua.

Kwenye The Voice, makocha huwapa mgongo waimbaji, na anayemtaka mwimbaji hugeuza kiti; wakigeuza zaidi ya mmoja, mwimbaji ndiye anayechagua kocha. Hapo ndipo penye somo kubwa. Waache vijana wachague mlezi, lakini kila mlezi asizidishe watano. Wakifika kumi anakuwa msimamizi tu. Maoni yawe jambo moja kwa zoezi, tena mahususi: "Kwenye mstari wa pili umevuta pumzi katikati ya neno." Kumwambia "ongeza hisia" hakumfundishi chochote, atapiga kelele tu.

Pambano la wawili ambapo mmoja anatolewa liachie televisheni. Wao wanatafuta watazamaji, wewe Jumapili unawahitaji wote wawili. Waimbishe pamoja, wapokezane beti, kisha kila mmoja amweleze mwenzake alichokifanya vizuri.