Kwanza okoeni kanda za Mzee Ojwang

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwigizaji mpendwa akifa, mashabiki wamuenzi kwa mnara, kwa tuzo, au kwa siku yake maalumu?" Sichagui hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kwetu Busia, Malaba na Tororo, mpakani upande wa Uganda, ukitaja mwigizaji aliyependwa na sasa hayupo, jina linalotangulia ni Mzee Ojwang wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, yaani marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa msanii wa Kenya, lakini mawimbi ya KBC, shirika la utangazaji la Kenya, yalivuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho, na antena nyingi za upande huu zilielekezwa huko. Kinachoniuma ni jambo jingine: siku hiyo maalumu ikifika, mtaonyesha nini, ikiwa kanda za video zenye vipindi vyake zinaoza juu ya makabati?

Kipaji cha Ojwang kilikaa zaidi kwenye sauti. Kwa kuzaliwa alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowadanganya hata Wajaluo wenyewe. "Shida" ikawa "sida", "shamba" likawa "samba". Tororo, ambako Jopadhola nao ni Waluo, mzee huyo alisikika kama jirani. Na tukumbuke kwamba Uganda Kiswahili kilibeba kwa muda mrefu jina baya la lugha ya kambi za jeshi. Ojwang na Mama Kayai, mkewe katika igizo, walikiingiza sebuleni kikiwa lugha ya mume na mke wanaogombana kuhusu pesa ya matumizi, na watoto wakakipenda.

Sasa, sauti hiyo iko wapi kwenye kanda ya VHS? Iko kwenye mstari mwembamba ukingoni, upande wa juu. Kanda ikikunjika, ukingo ndio huumia kwanza, kwa hiyo sauti hufa kabla ya picha. Ukingo wa chini una alama zinazoiambia deki, ile mashine ya kuchezea kanda, mwendo wa kanda. Ukiumia huo, picha hucheza na kujaa chenga. Na kichwa cha sauti, yaani kile kipande cha deki kinachosoma sauti, kikiwa kichafu au kimeinama kidogo tu, kinachopotea mwanzo ni sauti kali: "s" na "sh". Yaani lafudhi yenyewe ya Ojwang.

Chukueni mfano wa usiku mmoja wa kumkumbuka, katika kibanda cha video mjini Busia, siku chache baada ya msiba. Wazo lilikuwa jema. Mama mmoja alitoa kanda yake ya E-180, ile inayobeba muda wa saa tatu, iliyorekodiwa kutoka KBC miaka mingi nyuma, ikiwa na vipindi kadhaa vya Vitimbi. Ilitoka kabatini ikaingia moja kwa moja kwenye deki, na hilo ndilo kosa la kwanza. Kanda iliyokaa miaka bila kuzungushwa hushikana, na mvutano wake haulingani. Ilipaswa kupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kuchezwa. Kosa la pili lilionekana kwa macho kupitia kidirisha cha kasha: unga mweupe pembeni mwa kanda. Huo ni ukungu, na unyevu wa ukanda huu wa ziwa unaupenda sana. Kanda yenye ukungu haichezwi kabisa. Unga huziba vichwa, kisha vichwa huiambukiza kila kanda inayofuata.

Hata hivyo picha ilitokea, watu wakapiga makofi. Baada ya dakika kama ishirini umeme ukakatika. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu kilichofuata hutokea kila mahali na kingeweza kuzuilika.

Deki ikicheza, huwa imevuta kanda nje ya kasha na kuizungusha kwenye silinda ya vichwa, ambayo hufanya mizunguko 25 kwa sekunde. Umeme ukikatika ghafla, kanda hubaki imezingirwa mle ndani. Ukirudi, deki nyingi hujaribu kuirudisha zenyewe, lakini mkanda wa mpira wa mota ukiwa umelegea, kasha hutoka huku kanda ikiwa bado imenaswa. Ndivyo ilivyokuwa jenereta lilipowashwa. Kijana wa deki, ukumbi mzima ukimpigia miluzi, akavuta. Kama mita tatu zikatoka zimekunjika kama utumbo wa kuku. Kanda ya VHS hutembea takriban sentimita 2.3 kwa sekunde, kwa hiyo mita tatu ni zaidi ya dakika mbili za Ojwang, zimekwenda. Simlaumu kijana, kwani hakuna aliyemfundisha.

Alipaswa kuchomoa waya ukutani, kufungua kifuniko cha deki kwa bisibisi, kutafuta puli ya mota inayoingiza kanda, na kuizungusha kwa kidole polepole mpaka vile viguzo vinavyoivuta virudi mahali pake. Kisha azungushe gurudumu la kasha ili kanda iliyolegea ijikunje ndani. Baada ya hapo tu ndipo kasha litolewe. Kipande kilichokatika kisiunganishwe kwa selotepu ya dukani, maana gundi yake huvuja na kukwama kwenye vichwa. Ipo tepu maalumu ya kuungia, na hubandikwa upande wa mgongo.

Vichwa navyo havisuguliwi kwa pamba, kwa kuwa nyuzi zake hunasa na kuvunja ncha. Chovya karatasi safi au ngozi laini kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ishike ikiwa imetulia kwenye silinda, kisha zungusha silinda kwa mkono. Usipandishe wala kushusha. Kwa sauti, weka alama mahali skrubu ya kichwa cha sauti ilipo, halafu igeuze kidogo sana huku ukisikiliza mpaka "s" iwe kali. Nakili kwenye kompyuta kwa fremu 25 kwa sekunde. Kwa mfumo wa video ya dijitali uitwao DV, saa moja huchukua takriban GB 13. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Msikate matangazo wala taarifa ya habari iliyomo, nayo ni kumbukumbu. Na msichelewe: kiwanda kikubwa cha mwisho kutengeneza deki, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016. Mkanda wa mpira ukikatika leo, fundi huenda akalazimika kuchinja deki nyingine ili aupate.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: acheni kabisa hizo siku za kumbukumbu, pesa zote ziende kwenye kanda. Lakini habari ya Busia hainiruhusu. Kwa sababu ya usiku ule ulioharibika, watu waliokuwa ukumbini walianza kuulizana nani mwingine ana Vitimbi nyumbani, na kanda zikaanza kutoka chini ya vitanda. Mnara usingezitoa, na tangazo la redioni nalo nadhani lisingeweza. Kicheko cha watu waliokaa pamoja ndicho kilichozitoa.

Basi siku iwepo, kwa masharti. Haki za vipindi ni za KBC, kwa hiyo kiingilio kisitozwe bila ruhusa. Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Asiwepo vijei, yule mtu wa kutafsiri kwa kuzungumza juu ya sauti ya filamu, hata awe hodari namna gani, maana sauti ndiyo iliyotukusanya. Mlangoni pawe na meza ya kupokea kanda, na jina la mwenyewe liandikwe kwenye kila kasha. Kinachochezwa kiwe nakala iliyo kwenye flashi. Kanda ya asili isivuke mlango wa ukumbi. Ikishanakiliwa irudi kwa mwenyewe, isimamishwe wima mahali pakavu, mbali na spika.

Msomaji, Tororo