Makaa ya mawe kuwaka yenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, ndugu yangu ameajiriwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa chini ya ardhi. Je, ni kweli kwamba makaa huweza kuwaka bila kiberiti, na huzuiwaje?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ni kweli. Makaa yaliyovunjika hufyonza oksijeni na kutoa joto kidogo kidogo, kama lundo la samadi linalofuka asubuhi ya baridi kule Rungwe, ingawa huko kazi hufanywa na vijidudu. Hatari kubwa imo katika hewa haba inayopenya taratibu, kwa kuwa inatosha kulisha joto lakini haitoshi kuliondoa. Ndiyo maana makaa yaliyomwagika huzolewa, na sehemu zilizokwisha kuchimbwa huzibwa kwa kuta zisizovuja, pengine zikajazwa naitrojeni, gesi isiyochochea moto, ili kuisukuma nje oksijeni. Kuongeza upepo ovyo, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dawa, huweza kuuchochea moto.

Zaidi ya hayo, kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo makaa huitoa yanapopata joto, hupimwa mfululizo, kwani kupanda kwake hutangulia moshi. Gesi hiyo haina harufu na huua. Basi kipimo kikipanda, ndugu yako atoke kwanza, maswali yafuate.