Eabegi imenitia hasara kuliko ajali yenyewe

SWALI: Fundi habari za kazi. Juzi niko kwenye foleni Tabata, magari yakasogea nikaangalia simu mara moja tu (najua, usiniseme), kuinua macho nishamvaa Kenta, lile lori dogo, kwa nyuma, mwendo labda 25. Yeye hana hata mchubuko, mimi bampa na taa moja, ila eabegi (mifuko ya hewa) zote 2 zimefumuka, miwani imevunjika, mkono umeungua na dashibodi imechanika kama gunia. Fundi wa kwanza kanitajia bei inakaribia nusu ya niliyonunulia gari. Wa pili anasema atashona dashibodi na kufunga kitu kidogo ile taa ya onyo ya eabegi izime, laki 3 tu. Shemeji anasema ningezing'oa tangu mwanzo. Gari ilikuwa mbovu? Nifanyeje?
Mama wa wawili, Tabata

JIBU: Pole sana dada, na mkono pole. Gari haikuwa mbovu. Kompyuta ya eabegi haijali mshale wa spidi unasoma ngapi, inapima gari imesimama ghafla kiasi gani, na nyingi zinafumua kuanzia kishindo cha kama kugonga ukuta mgumu kwa kilomita 20 hivi kwa saa. Sasa nyuma ya Kenta ni chesisi tupu, haibonyei, kwa hiyo kwa akili ya kompyuta umegonga ukuta. Na inaamua kabla hujapepesa jicho, hakuna muda wa kujiuliza kama hasara itazidi faida. Kuungua ni ile gesi ya moto pamoja na kitambaa kinachokukwaruza kikitoka.

Bei ya fundi wa kwanza si wizi. Eabegi 2, dashibodi, kompyuta yake, halafu mikanda ambayo watu wanaisahau kabisa, kwenye gari nyingi inavutwa na kibaruti kidogo wakati huohuo na kikishalipuka mkanda ni wa kubadilisha. Nenda kauvute wako sasa hivi, ukigoma au ukilegea ujue umeshakwenda.

Huyo wa laki 3 anataka kukufungia rizista, kidude kama punje ya mchele, kinaidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo. Nimewahi kufungua usukani wa mteja nikakuta matambara na gundi, mwenyewe kanunua gari hivyo hana habari. Kama hela haijatosha anza na mikanda, taa iache iwake, angalau haidanganyi mtu.

Spea za mtumba za Ilala kwa taa na bampa sawa, kwa eabegi mimi hapana, huwezi kujua ililowa maji lini. Takata, kampuni ya Japani ya kutengeneza eabegi, ilifilisika 2017 kwa sababu vifyatulio vyake, vile vinavyozijaza gesi, vilikuwa vinaharibika kwa joto na unyevu, vikilipuka vinarusha vipande vya chuma, mamilioni ya magari yakaitwa kurudishwa, na joto na unyevu Dar unavijua. Hata gari yako ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya watengenezaji uone kama imo kati ya hizo zilizoitwa.

Shemeji mwambie hiyo hesabu yake ni ya foleni tu, akigonga kwa 70 ataitafuta hiyo eabegi. Ila na wewe kiti kisogeze nyuma, kifua kikae sentimita 25 kutoka usukani, na watoto wakae nyuma.

Ule unga mweupe kwenye viti futa kwa kitambaa kibichi, usipulize, unawasha macho.