Mashine na saratani: maswali yenu

Mwanangu ameniwekea programu ya kupiga picha ngozi. Nina doa jeusi wayoni, linazidi kupanuka. Programu yasema si saratani. Nitulie? (Mama, Likoni)

Usitulie, mama. Vuka feri uende hospitali ya Makadara wakuone. Programu hizi hufundishwa kwa picha: hii saratani, hii siyo, maelfu kwa maelfu, hadi ziweze kupambanua zenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitumia picha 129,450, na mashine yao ikalingana na madaktari wa ngozi 21. Lakini picha zinazofundishia mashine nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwetu sisi weusi, melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, hupenda kutokea wayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na huko mashine imeona mifano michache. Doa kama lako, daktari akilitilia shaka, hukatwa kipande kikatazamwa kwa hadubini.

Programu yangu ya kutambua saratani ina usahihi wa asilimia 95. Mwalimu kaikataa! (Mwanafunzi, Tudor)

Chukua watu 100, watano wana saratani. Programu inayojibu "hana" kila mara imepata 95, na wale watano wote imewarudisha nyumbani. Mwanangu, hesabu upya: kati ya wenye saratani, imewanasa wangapi? Angalia pia kama picha za mgonjwa mmoja zimeingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani. Hapo imekariri tu. Halafu kuna kisa cha rula. Madaktari huweka rula kando ya doa wanalolishuku, basi mashine moja ikashika kwamba penye rula pana saratani. Huwa nacheka, ingawa si la kuchekwa.

Kuigawa saratani kwa aina kuna faida gani? (Msomaji, Majengo)

Dawa. Chukua lukemia, yaani saratani ya damu: lukemia kali ya limfu na ile ya mieloidi, aina mbili zinazoanzia kwenye chembe tofauti za damu, hutibiwa tofauti, na kwa macho zaweza kufanana. Mwaka 1999, Todd Golub na wenzake huko Marekani waliifundisha kompyuta kwa sampuli 38 za wagonjwa wa lukemia hizo, wakipima jeni 6,817 na kuchagua 50 tu za kuamulia. Kisha wakaipa sampuli mpya 34. Ilitoa jibu la uhakika kwa 29, yote sahihi. Tano zilizobaki haikuthubutu kuzikatia shauri. Hapo ndipo ninapoiheshimu.

Madaktari wa maabara watafutwa kazi? (Msomaji, Kisauni)

La. Kipande bado kinakatwa na mtu, kinatiwa rangi, na jibu linatiwa sahihi na daktari. Mashine humwonyesha slaidi, yaani kioo chenye kipande hicho, ya kuanza nayo.